Chuo kina kibali, fani haina: kisa cha binti mmoja wa Katuba, Lubumbashi

Binti ninayemzungumzia alimaliza licence (shahada ya kwanza) mwaka 2024 katika chuo kimoja binafsi hapa Lubumbashi, Kongo, fani ya usalama na mazingira ya migodi. Alifaulu vizuri. Alivaa toga, mama yake akashona kitenge kipya, picha zikapigwa. Baadaye kampuni ndogo inayofanya kazi za mkataba kwenye migodi ya upande wa Kolwezi ikamwita. Alipita mahojiano, akapewa orodha ya karatasi za kuleta: Diplôme d'État ya sekondari, relevé za alama za miaka yote, kitambulisho, na diploma ya chuo iliyothibitishwa na wizara. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkwamisha, na hadi ninapoandika haya hajaipata.

Chuo chake si cha uongo. Kina madarasa, kina maprofesa wanaotoka chuo kikuu cha Serikali kuja kufundisha vipindi, kina kibali halali. Kisichokuwa na kibali ni fani aliyoisomea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kila mara matokeo ya Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka wazazi wa mtaa hunifuata kuniuliza mtoto aende wapi. Familia hii ni majirani zangu. Wamekubali nieleze mambo yao mradi nisitaje jina la mtu wala la chuo. Nimeyachukua kwa moyo mmoja, kwa sababu swali ambalo karibu wazazi wote huniuliza, "Mwalimu, hiki chuo kinatambuliwa na Leta?" (yaani Serikali), ni nusu tu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomla binti huyu miaka yake.

Siwalaumu wazazi. Mji wetu ulipata chuo kikuu mwaka 1956, ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu ulikusanya vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena, ndipo UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ikasimama kwa jina lake. Mtu aliyekua miaka hiyo alijua université ni ya Leta. Hakuna aliyeomba kuona karatasi, kwa kuwa aliyekupokea masomoni na aliyetia sahihi diploma yako walikuwa serikali moja. Vyuo binafsi vilipoanza kuchipuka kila kata, watu waliendelea kuvitazama kwa macho yale yale: bango lipo, rekta yupo, basi ni université.

Mambo yanavyokwenda ni tofauti. Sheria mama ya elimu ya Februari 2014, ile namba 14/004, inaruhusu watu binafsi kufungua vyuo, lakini si kwa kujiamulia. Mwenye chuo hupeleka dossier, yaani faili la maombi, Kinshasa, kwenye wizara ya elimu ya juu tunayoiita ESU. Akikubaliwa huanza na arrêté ya waziri, kibali cha kufanya kazi wakati wizara ikimwangalia. Idhini kamili huja baadaye kwa amri ya juu zaidi, kama ile ya Rais ya Juni 2006 iliyoidhinisha vyuo binafsi kadhaa kwa pamoja. Katikati hapo wizara hutuma wakaguzi kuangalia walimu na vyeo vyao, maktaba, maabara, majengo. Chuo kikipita huitwa viable, yaani kinachostahili kuendelea, na neno hilo utaliona limepakwa rangi kubwa ukutani.

Ukuta hauelezi kwamba kibali hakitolewi kwa jengo wala kwa jina la chuo peke yake. Arrêté hutaja fani, yaani filière, moja baada ya nyingine. Chuo kilichoruhusiwa kufundisha sheria na usimamizi hakina ruhusa ya kuamka kesho kikafundisha uuguzi au migodi. Fani mpya inataka maombi mapya, ukaguzi mpya na sahihi mpya. Hata vyuo vya Serikali vinabanwa na utaratibu huo.

Kwa nini basi chuo kifungue fani isiyoruhusiwa? Katika kisa hiki jibu liko ardhini. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamlazimisha mwenye kibali cha mgodi kufanya utafiti wa athari kwa mazingira na kuwa na mpango wa kuzishughulikia. Kampuni zikaanza kutafuta watu wa kupima vumbi, kuchunguza maji yanayotoka mgodini, kusimamia usalama wa wafanyakazi. Katika mji ambao kila familia ina mtu mmoja anayetegemea shaba au kobalti, kijana akisikia kuna masomo ya miaka 3 yanayompeleka moja kwa moja kwenye kofia ya mgodi, anakimbia. Chuo kiliona mbio hizo. Kilipeleka maombi Kinshasa, hilo naliamini, kisha hakikungoja jibu. Kiliandikisha wanafunzi siku zile zile.

Binti aliingia mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka ule ule ambao nchi iligeukia mfumo wa LMD, licence ya miaka 3 na mikopo 180 (crédits, vipimo vya masomo, si deni) badala ya ile njia ya zamani ya graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 juu yake. Mabadiliko hayo yalisaidia kuficha mambo. Kila swali la mwanafunzi lilijibiwa, "Ni LMD, programu zinabadilika, vumilieni." Na kweli zilikuwa zinabadilika, kila mahali, hata wenye fani halali walikuwa wamechanganyikiwa. Minervali, yaani ada ya chuo, ilikuwa inatoka kwenye biashara ya vitenge ya mama yake katika soko la Kenya, kata ya hapa mjini, na kwenye zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa. Hakukuwa na mwaka uliolipwa kwa urahisi.

Kampuni ilipomdai diploma iliyothibitishwa, alikwenda apparitorat, ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa diploma ziko Kinshasa. Akarudi tena, akaambiwa ndege ya kubeba mizigo imechelewa. Lubumbashi na Kinshasa zinatengana kwa zaidi ya kilomita 1,500 hata ukikata moja kwa moja angani, kwa hiyo mtu anayetaka kukuchelewesha ana kisingizio kinachoaminika daima. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiyependa kelele, ndiye aliyechoka kwanza. Aliniomba nimsindikize.

Kijana wa apparitorat alitupokea kwa heshima.

"Papa, diploma ziko kule. Muvumilie kidogo tu."

"Mwanangu, kuvumilia tutavumilia," mzee akajibu. "Leo sikuja kuomba diploma. Nionyeshe ile arrêté inayosema hii fani mumeruhusiwa kuifundisha."

Kijana alituangalia kama mtu aliyeombwa funguo za nyumba ya jirani. Akaenda ndani, akakaa, akarudi na katibu mkuu wa taaluma mwenyewe. Huyu naye alikuwa muungwana. Alituketisha, akatoa fotokopi ndani ya plastiki. Juu kulikuwa na nembo ya Jamhuri, namba, tarehe, halafu mfululizo wa "kwa kuzingatia" unaojaza karibu ukurasa mzima. Mzee alivaa miwani, akaruka yote hayo, akaweka kidole kwenye kifungu kinachoorodhesha fani. Sheria. Usimamizi na uchumi. Informatiki. Kidole kikafika mwisho wa orodha, kikarudi juu, kikashuka tena polepole. Migodi haikuwemo. Mazingira hayakuwemo.

Katibu mkuu hakukana. Alisema dossier ya fani hiyo iko wizarani, imekwisha kufuatiliwa, jibu litakuja. Kisha akatoa pendekezo, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Chuo kiko tayari kumpa binti diploma haraka, iliyothibitishwa, isipokuwa itaandikwa "usimamizi", fani ambayo kibali kipo. "Kampuni inataka tu kuona muhuri," alisema. "Kazi mtoto anaijua."

Nilimwomba atueleze inawezekanaje, na jibu lake lilifungua mlango wa pili. Kila mwaka chuo hupeleka wizarani palmarès, orodha ya wanafunzi na matokeo yao, na wizara hukagua dossier za wanafunzi, Diplôme d'État zao zikiwemo. Ndicho tunachokiita contrôle de scolarité. Diploma ya chuo binafsi huthibitishwa kwa kulinganishwa na orodha hizo. Sasa kwa kuwa fani ya migodi haikuwepo kisheria, chuo kilikuwa kimewaingiza wanafunzi wake wote kwenye palmarès ya usimamizi tangu mwaka wa kwanza. Huku Lubumbashi binti alikuwa anasoma upitishaji hewa mgodini, vumbi la silika na utunzaji wa baruti. Kule Kinshasa alikuwa anasomea uhasibu na masoko.

Nimeifikiria sana siku ile, na bado naona kwamba pendekezo lile lilikuwa baya kuliko kosa la kwanza. Kosa la kwanza lilikuwa la chuo. Diploma ya "usimamizi" ingelihamisha likawa la binti. Relevé zake zinaonyesha masomo ya migodi. Diploma ingeonyesha usimamizi. Siku afisa yeyote wa kampuni atakapoweka karatasi hizo mbili mezani, maswali hayataulizwa kwa katibu mkuu, yataulizwa kwa mwenye jina. Kanuni yetu ya adhabu, kifungu cha 124, inampa mwenye kughushi maandishi kwa nia ya udanganyifu kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, na kifungu cha 126 kinamfikia pia anayeitumia karatasi hiyo akijua. Na yeye sasa alikuwa anajua, kwa sababu baba yake ameisoma arrêté kwa kidole chake mwenyewe.

Binti alikataa. Wenzake kadhaa walikubali, na wengine wao wako kazini leo. Siwezi kuwatupia mawe. Mtu mwenye wadogo nyumbani, mwenye deni la minervali, aliyesoma kwa kweli na kufaulu kwa kweli, akipewa njia moja tu ya kuingia kazini, ataipita. Ninachosikitikia ni kwamba waliolazimishwa kuchagua kati ya njaa na karatasi yenye kasoro ni vijana wa miaka ishirini na kitu, wakati watu wazima waliotengeneza hali hiyo wamekaa ofisini wakingoja jibu la Kinshasa.

Familia ilijaribu kuona kama kuna pa kutokea. Wazo la kwanza lilikuwa kungoja: fani ikipata kibali, mambo yatanyooka. Sikuwatia moyo. Kibali kikija kinaruhusu kufundisha kuanzia hapo. Kwamba kitawafunika na waliomaliza kabla yake si jambo la kulichukulia kuwa la hakika, na kampuni haingoji. Kwa kweli nafasi ile ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Wazo la pili lilitoka kwa mjomba anayefanya biashara Kasumbalesa: avuke aende Zambia, Kitwe au Ndola, kule migodi ni mingi na hawajui mambo yetu. Wanayajua. Zambia ina mamlaka ya kuhakiki sifa za masomo, ZAQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na vyeti vya nje hupita kwake. Mhakiki wa nje hana macho ya kuona jinsi ulivyofanya mtihani. Anauliza kule ulikotoka kama chuo na programu vinatambuliwa. Jibu la Lubumbashi lingemfuata hadi Kitwe. Wanaodhani mpaka unasafisha karatasi wanajidanganya, na majirani zetu wa mashariki nao wana walinzi wao wa aina hiyo hiyo, nchi ya Kenya ina tume yake ya vyuo vikuu, Tanzania ina TCU.

Kilichobaki ni kuhama. Kwenye LMD mikopo imetengenezwa ili isafiri: mwaka una mikopo 60, muhula 30, na mwanafunzi anayehama anaweza kuomba alichokwisha kufaulu kihesabiwe. Lakini mikopo si pesa ambayo kila duka lazima liipokee. Jury, yaani kamati ya mitihani, ya chuo kinachokupokea ndiyo inayoamua, nayo inataka kuona ulisoma nini, saa ngapi, na chini ya kibali gani. Binti alipeleka relevé zake kwenye chuo kingine chenye fani ya mazingira iliyomo kwenye arrêté (safari hii baba aliisoma kabla ya kutoa hata faranga moja). Masomo ya pamoja yalikubaliwa: hesabu, kemia, Kiingereza, informatiki, takwimu. Yale ya migodi yenyewe, aliyoyapenda na kuyafanyia kazi ya mwisho, hayakuhesabiwa, kwa sababu hayakuwa chini ya programu inayojulikana. Ameingizwa mwaka wa pili. Kwa maneno mengine, miaka 3 ya jasho imethaminiwa kama mwaka 1.

Tusisahau kilichobaki salama: Diplôme d'État yake haikuguswa na lolote. Wako wanaodhani chuo kikiwa na kasoro basi mtoto ameharibika moja kwa moja. Sivyo. Mlango wa sekondari uko wazi maisha yote, na mtu anaweza kuanza upya mahali halali bila aibu yoyote.

Kuhusu pesa, mwanasheria aliyewasaidia alianzia kwenye sheria ya zamani kabisa, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, kinachotokana na amri ya 30 Julai 1888 na bado kinatumika: tendo lolote la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimu aliyekosea kulipa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Chuo kilijua fani haina kibali. Kiliuza kiti cha fani hiyo. Kilipeleka majina kwenye orodha nyingine. Hasara ni minervali, ni miaka, ni kazi iliyopotea. Ugumu uko kwenye ushahidi, na hapa mama yake ndiye aliyeokoa jahazi: alikuwa ametunza bordereau (risiti) zote za benki kwenye mkebe wa biskuti, kila fungu la kila mwaka, na kwenye nyingi ya karatasi hizo chuo chenyewe kimeandika jina la fani. Bila hizo lingebaki neno lake dhidi ya neno la chuo.

Sasa wazazi wananiuliza wafanyeje, nami nimebadilisha jibu langu. Naanza na fani, si chuo. Nawaambia waende apparitorat kabla ya kulipa inscription (ada ya kujiandikisha), waombe kuiona arrêté, na macho yao yaruke nembo na mihuri yatue kwenye orodha ya fani. Jina la fani liwe lile lile lililoandikwa kwenye fomu ya mtoto. "Usimamizi" si "usimamizi wa migodi", na maneno madogo yanayoongezwa mwishoni ndipo udanganyifu unapojificha. Wakionyeshwa barua ya maombi badala ya kibali, wajue maombi ni maombi. Na kuliko kusikiliza wasemaji wa chuo, wamtafute mtu aliyemaliza fani hiyo hiyo miaka miwili mitatu nyuma, wamwombe awaonyeshe diploma yake yenye uthibitisho wa wizara. Kama fani haijawahi kutoa mtu mwenye karatasi hiyo, mtoto wako ndiye wa kujaribia. Mtoto wa afya aongeze hatua nyingine, maana uuguzi una ngazi zake: shule za A2, za ngazi ya sekondari, ziko chini ya wizara ya afya, ISTM, vyuo vya juu vya ufundi wa tiba, na ndugu zake ziko chini ya ESU, na tangu sheria ya 2016 kuna Ordre des infirmiers, chombo cha kitaaluma cha wauguzi, anayotakiwa kujiandikisha kabla ya kushika kazi. Akikosa kiungo kimoja, hivyo vingine havimfikishi.

Hata hivyo sikubali kwamba mzigo huu ni wa mzazi. Mama anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi hana wajibu wa kujua tofauti kati ya arrêté na amri ya Rais. Chuo ndicho chenye karatasi, chuo ndicho kinachojua. Kuibandika ukutani ni kazi ya gundi na dakika tano. Wizara nayo inapokea palmarès kila mwaka. Fani ya usimamizi inapojaa ghafla mara mbili, mtu fulani Kinshasa angepaswa kuuliza wametoka wapi.

Barua ya mwanasheria ilipokelewa na kusainiwa. Chuo kilijibu kwa kukubali kurudisha sehemu ya minervali ya mwaka wa mwisho, kwa mafungu. Familia imekataa, inadai ya miaka yote 3, na isipopatana itakwenda mahakamani. Baba aliomba sharti moja liongezwe ambalo mwanasheria hakuliwaza: kwamba arrêté ibandikwe mlangoni pa apparitorat, mahali mzazi anaposimama kusubiri zamu. Kuhusu pesa mazungumzo yanaendelea. Kuhusu sharti hilo chuo hakijajibu neno, na kimeshaanza kuandikisha wanafunzi wapya wa fani ile ile.